Jiwe la Wachukuzi Watatu

Dada yangu mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Patasi, ni binti wa mchonga mawe aliyeweka vizingiti vya nusu ya nyumba zetu, na mjukuu wa mwanamke aliyepasua mawe huku ana mimba. Yeye mwenyewe alichonga mawe ya makaburi ya Wayahudi, Wakristo na Waislamu, na hakuna lililorudishwa. Isipokuwa moja.

Ghala la soko lilipoporomoka liliua wachukuzi watatu waliozoea kubeba mizigo pamoja: Myahudi, Mkristo na Mwislamu. Wenye soko wakakubali jiwe moja kwenye ukuta wa ghala jipya. Wakaweka sharti: jamaa wa marehemu wakigombana, basi, hakuna jiwe. Dada akakurupuka, akachonga bila kuuliza: "Mungu, Baba wa wote, awapokee."

Mjane wa Mwislamu alipoliona akashika kiuno. "Mama, Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Sisi hatumwiti baba."

"Sisi tunamwita," akasema dada wa yule Myahudi, "ila hajawahi kuwa mwanadamu. Ni mmoja, aliyefanya agano na wazee wetu."

Baba wa Mkristo akaguna. "Kwani sisi tumesema wawili? Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja. Au Yesu nimwache nje kama viatu?"

"Yesu ni nabii wetu, mzee wangu, tunamheshimu," akasema yule mjane. "Lakini si Mungu."

Msimamizi wa soko akapiga mwayo. "Mama Patasi, andika dini zote ni sawa, tukale."

"Kale wewe! Marehemu siwatii maneno mdomoni."

Akalisugua jiwe mpaka maandishi yakafutika na vidole vikamvimba. Lilikuwa limebaki jembamba. Lingesuguliwa tena lingepasuka. Safari hii akauliza kwanza: "Huyo Mungu wenu, ndiye aliyeabudiwa na Ibrahimu?"

Wakaitikia wote kwa ukali, kama watu walioibiwa babu.

Juu akachonga: "Mungu wa Ibrahimu, Mungu mmoja." Wakasoma, wakakubali. Chini akapiga mistari ya sehemu tatu, kila nyumba ilete maneno yake. Hapo patasi ikamponyoka kwenye vidole vilivyovimba.

Akaiokota, akanipa. "Mdogo wangu, umenisugulia mawe vya kutosha. Sasa chonga wewe. Kila mtu mwandikie alivyosema, wala usimlainishie neno ili jirani yake apendezwe."