Pete ya Shaba

Kampuni ya reli ilikufa miaka ishirini iliyopita, lakini msimamizi wa njia bado anakuja stesheni kila asubuhi, vifungo vya shati vimefungwa hadi kooni. Treni hakuna. Siku hizi watu wa kisiwa hiki cha Panay, Ufilipino, husukuma toroli za mianzi juu ya reli, na njia ni moja tu. Kwa hiyo yeye ana pete ya shaba, kubwa kama sahani, na asiye nayo haondoki. Ikirudi na toroli iliyoichukua, huifuta kwa pindo la shati, mara tatu, ndipo humpa anayefuata.

Asubuhi hiyo pete ilikuwa bado haijarudi. Rosenda alishaketi kwenye toroli na matenga yake ya samaki, mjukuu mapajani.

“Mzee, kampuni yenyewe ilishazikwa. Unamlindia nani?”

Mzee aliweka mguu mbele ya gurudumu.

“Samaki wanaoza, wewe unajifanya bosi. Sukuma, Temyong, atatoka mwenyewe.”

Temyong, msukumaji wake, akasukuma. Gurudumu likabana kiatu. Rosenda aliona mguu wa mzee hautoki. Mzee akainama, akagusa reli kwa kiganja.

“Shukeni,” alisema taratibu. “Toeni toroli relini.”

Sauti ile iliwashusha wote. Walikuwa ndio kwanza wameitua majanini, toroli ya miwa ikachomoka konani bila breki, ikawapita ikinguruma, ikaishia migombani. Msukumaji wake akaja akichechemea, pete shingoni.

Mzee aliifuta mara tatu, akamkabidhi Rosenda.

“Haya, mama. Samaki wanaoza.”