Barazani Kabla ya Theluji

Nimeishi katika miji mitatu ya Marekani, na mama yangu aliipima yote kwa kipimo kimoja: je, kuna mtu wa kuongea naye? Louisville ilifaulu. Tulipofika kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma tulipewa fleti kwenye jengo lililojaa Wakongo wenzetu, na mama akishuka ngazi kwenda kutupa taka alirudi baada ya saa nzima, ameshapata habari za ndoa na misiba ya jengo zima. Columbus, nilikokwenda kufuata kazi ya ghala, ilipata nusu ya maksi. Majirani walikuwa Wakenya wasomi, watu wazuri sana, lakini mama akianza hadithi walitazama saa. Kisha mwaka 2019 nikapata kazi ya kutunza wazee Buffalo, na nyumba ya kupanga kule North Buffalo, nyumba ya mbao yenye baraza pana mbele. Siku ya kwanza mama alisimama kwenye baraza hiyo akautazama mtaa juu na chini. Kila nyumba ilikuwa na baraza kama yetu, na kwenye baraza zote hapakuwa na hata paka.

"Donc huku batu bote balikufa?" akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo, yaani kwa hiyo watu wote wa huku walikufa.

Nikamwambia wapo, wako ndani tu. Wiki hiyohiyo akaenda kugonga milango awasalimie majirani, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyofanya akihamia mahali. Mlango wa kwanza haukufunguliwa, ingawa pazia lilitikisika. Wa pili ulifunguliwa na kijana aliyemuuliza kama kuna moto au amwitie gari la wagonjwa. Mama alirudi amenuna. Jioni akanitangazia uamuzi wake: atavumilia mpaka theluji ya kwanza, na kama hadi siku hiyo hajapata mtu wa kuongea naye, kaka yangu aliyebaki Louisville aje kumchukua ampeleke huko. Nilicheka, nikidhani ni hasira za siku moja. Kumbe alikuwa ameshampigia kaka simu, na kaka, ambaye miaka yote anaona mama ni wake peke yake, alisema gari liko tayari.

Hapo kicheko kikaniisha. Bila mama nyumba ile ingekuwa mahali pa kulala tu kati ya zamu na zamu, na nilimpenda kuliko nilivyojua kumwambia. Lakini mimi nina kiburi, sikumwomba abaki. Badala yake nilimpeleka Grant Street, akaone ndizi za kupika na watu wa kwetu. Alifurahi, akasalimiana na kila muuzaji, akabishana bei mahali ambapo bei haibishaniwi. Tuliporudi na mifuko yetu, mtaa ulikuwa kimya vilevile. Alisema hawezi kupanda mabasi mawili kila anapotaka kuulizwa ameamkaje.

Basi kwa hasira akahamia barazani. Kila asubuhi alitoa kiti, sinia na maharage, akayachambua mbele ya mtaa mzima. Maharage ya dukani Marekani hayana mawe, yanakuja yamesafishwa kwenye mfuko wake, nami nilimweleza hivyo. Akanijibu kwamba amechambua maharage tangu hajaota meno ya pili, na hataacha kwa sababu ya mfuko. Akawa anatafuta mawe yasiyokuwepo, kwa makini kabisa, huku akimpungia mkono kila apitaye. Wenye mbwa walimpungia. Wenye vidude vya muziki masikioni hawakumwona. Mimi niliona haya, nikawa natumia mlango wa nyuma.

Jumamosi moja ya Septemba, bibi mmoja Mzungu, mwembamba, anayekaribia miaka mia, alitoka nyumba ya ng'ambo akavuka barabara akisukuma kigari chake cha kutembelea, magari yakimsubiri. Alisimama chini ya ngazi zetu akaniuliza mimi, niliyekuwa nimetoka kumletea mama chai, mama ameokota mawe mangapi. Nikamwambia hakuna hata moja. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema amekuwa akimtazama kupitia dirishani, na kwamba utotoni kwao East Side, mashariki mwa mji huuhuu, aliwahi kuchapwa na mama yake kwa kuacha jiwe kwenye maharage, jiwe lililomvunja baba yake jino. Nilipomtafsiria mama, alimsogezea bibi kiti.

Tangu siku hiyo alikuja mara kwa mara. Mama alimwita Koko, yaani bibi, na bibi akaitika. Siku zangu za mapumziko nilikuwa mkalimani. Siku nyingine kila mmoja aliongea lugha yake, na sikuona kama walikosa chochote. Koko alisimulia barafu iliyoletwa kwa gari la farasi, na kadi ambayo kila nyumba iliweka dirishani kuonyesha inataka kipande cha ukubwa gani, na watoto wakilifukuza gari wapate vipande vya kumumunya. Alisimulia makaa ya mawe ya kupasha joto, yaliyowekwa chumba cha chini ya nyumba, na majivu ya kuzoa kila asubuhi. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, mtaa mzima, na mwanamke aliyeanika Jumanne alisemwa. Mama alipiga makofi aliposikia hilo. Halafu ikaja habari ya simu: nyumba kadhaa zilitumia laini moja, na ukiinua mkono wa simu taratibu ulisikia mambo yote ya jirani. Mama alitaka nimtafsirie tena hilo, polepole. Akasema ndiyo mashine bora kuliko zote walizowahi kutengeneza Wazungu.

Jioni za joto, Koko alisema, ndani hapakukalika. Kila baraza ilijaa watu, na ukitoka kununua mkate ulirudi usiku kwa sababu ya salamu.

"Bon, sasa nani alibakataza?" mama akauliza.

Koko alifikiri sana. Akasema hakuna aliyewakataza. Vitu vilikuja kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa kizuri. Friji ilipofika mama yake alilia kwa furaha, lakini yule mwenye barafu ndiye aliyekuwa akileta habari za mtaa. Mashine ya kufua iliokoa mikono yao, ikaondoa na kamba za kuanikia walipokuwa wakiongelea. Televisheni ikawaita ndani, kiyoyozi kikafunga madirisha, gari likawapeleka watoto wake mbali. Ukimwambia achague kimoja cha kurudisha dukani, alisema, hawezi. Nilitafsiri huku nikiifikiria mashine yangu ya kufua, ambayo naipenda kuliko baadhi ya jamaa zangu.

Theluji ilianguka Novemba, na Buffalo haijui kuanza kidogo. Kaka aliona habari kwenye taarifa ya hali ya hewa, akapiga simu kusema yuko njiani. Kiburi changu hakikuniruhusu kumuuliza mama kama bado anataka kwenda. Nilikunja nguo zake nikazipanga kwenye sanduku, uso nimeukunja zaidi ya nguo.

Niliposikia mlango nilidhani ni kaka. Alikuwa mama anatoka, kitenge chini, koti langu juu, koleo mkononi. Alizoa theluji kwenye ngazi zetu, akavuka, akaanza kwenye ngazi za Koko. Yule kijana aliyetaka kumwitia gari la wagonjwa alitoka na koleo lake akamsaidia. Kisha mama akamshika Koko mkono, wakaja hatua kwa hatua mpaka jikoni kwetu. Koko alisema zamani majira ya baridi yalikuwa hivi, watu wote jikoni, kwa kuwa jiko lilikuwa humo.

Kaka aliwakuta hapo, akakung'uta viatu, akaliona sanduku nililolipanga pale mlangoni. Akamwambia mama waondoke kabla njia haijafungwa.

"Weye kula, lala," mama akamjibu. "Kesho utarudia kwako."

Kaka akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelalamika hana mtu wa kuongea naye.

"Niko naye," mama akasema. "Na miye nikienda, huyu Koko atasema na nani?"

Koko alinigeukia nimtafsirie. Nilianza, nikaishia katikati, nikaenda kulichukua sanduku nilirudishe chumbani kwa mama. Mama akaniambia niketi, chai inapoa.