Kwaya ya sauti nne na mchi wa mama yangu

Wakuu, salamu kutoka ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za watu wanaolalamika upweke, na kila mara wanashauriwa wajiunge na kwaya. Ushauri mtamu. Mimi nilijiunga na kwaya huko Baraka, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatupangia saa ya kuamka. Nitawasimulia ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Chumvi yenyewe itafika mbele.

Nilikuwa kijana, karani mdogo kwenye ghala la pamba, na moyoni nilikuwa mwandishi wa riwaya. Asubuhi nililitazama ziwa likibadilika kutoka kijivu kuwa fedha, kutoka fedha kuwa buluu, nikatunga sentensi kumi nzuri kulihusu. Kisha nikaenda kupima magunia. Riwaya ile haijaisha mpaka leo, kwa hiyo msiniulize mtaipata wapi.

Niliishi na mama yangu. Watu walimwita Mama Elia, kwa jina langu. Kwetu ni Makobola, na Baraka hatukuwa na ukoo, hatukuwa na shangazi, hatukuwa na hata mgomvi. Mama alikuwa amechoka na hali hiyo.

Siku moja mwanzoni mwa kiangazi alinitangazia hukumu.

"Elia, hapa watu wote wanapiga hodi. Hodi, habari, kwaheri. Mtu akinipenda hapigi hodi. Anaingia jikoni moja kwa moja, anafunua chungu. Kiangazi kikiisha na hakuna aliyefunua chungu changu, tunarudi Makobola. Mi sitakufa mahali ambapo watu wananipigia hodi."

Kurudi Makobola maana yake ni kuacha kazi. Na mama hakuwa mtu wa kutishia tu.

Basi nikakimbilia kwaya.

Hapa lazima niwatambulishe Mwalimu Yonasi. Alikuwa na baiskeli, miwani na nadharia. Nadharia yake ilisema sauti ya mtu inatokana na mahali anapoishi. Watu wa Baraka, kwa sababu ya upepo wa ziwa, ni soprano. Wanawake wa Mboko, kwa sababu ya muhogo wao, ni alto. Wanaume wa Fizi wanaishi mlimani, kwa hiyo ni besi. Elimu hiyo aliipata wapi, Mungu anajua, na nadhani hata Yeye alishangaa.

Tenor walikuwa wageni. Wale ambao haikujulikana kwao ni wapi.

Kanisa jipya la Baraka lilikuwa linakaribia kufunguliwa, na Mwalimu alitaka wimbo mmoja mkubwa wa sauti nne. Akawa anazunguka na baiskeli yake, anafundisha Mboko sauti yao, Fizi sauti yao, Baraka sauti yao, na sisi wageni yetu, kila kundi kwa siku yake. Hakuna kundi lililosikia lingine. Na kila mahali aliacha amri moja:

"Usisikilize sauti ya jirani. Utapotea."

Kwa ajili ya umoja, aliunda Komite ya Upendo. Kazi yake ilikuwa kutukumbusha tuitane ndugu. Nilihudhuria mazoezi kiangazi karibu chote. Tulianza na sala, tukaitana ndugu, tukaimba, tukarudi kila mtu kwake. Hakuna ndugu hata mmoja aliyeniuliza ninalala wapi.

Mama aliniuliza kila nikirudi: "Wamefunua chungu?"

"Bado, mama. Wamenishika mkono."

"Na padri wa kule Uvira alinishika mkono. Sikuhamia kwake."

Ikafika siku ya kabla ya sherehe. Kamio, lile lori la pamba, likawashusha wanawake wa Mboko, lingine likawashusha wanaume wa Fizi. Kwa mara ya kwanza sauti nne zikasimama ndani ya nyumba moja. Mwalimu akainua mikono kama mtu anayetaka kuruka.

Wakuu, mnielewe vizuri. Kila kundi lilikuwa limeimba sehemu yake kwa miezi, kwenye mashamba, mtoni, jikoni, likijua kwamba huo ndio wimbo. Wote walianza pamoja. Na kila kundi likadhani mengine matatu yamekosea.

Nini hufanywa na mtu anayejua yuko sahihi? Huongeza sauti.

Besi wa Fizi walinguruma. Soprano wakapanda mpaka mbwa wa nje wakajibu. Sisi tenor tuliimba kwa adabu, kama wageni. Jirani yetu Bi Zaina, Mwislamu mpole aliyekuwa anapita na ndoo, alichungulia dirishani akauliza, "Hawa banaimba ao banagombana?"

Aliyenyamaza wa kwanza ni Mama Wilondja, kiongozi wa alto, mwanamke mpana mwenye macho ya kupima watu. Alisikiliza soprano. Uso wake ukabadilika taratibu.

"Mwalimu. Wimbo wenyewe uliwapa hawa?"

"Wimbo ni wa wote, ndugu."

"Hapana. Hawa wanapanda, wanashuka, wanapamba. Sisi tunasema noti ileile, sol. Sol, sol, sol, sol, fa, tena sol. Tulipanda kamio toka Mboko, tukaacha batoto, juu ya kuja kusema sol?"

Mama Feza, kiongozi wa soprano, mwuza samaki mwenye ulimi mwepesi, alicheka. Hakupaswa kucheka. "Sasa, yaya, dada yangu mkubwa, kama ungepewa wimbo, ungeuweza?"

Basi ikawa imekwisha.

Komite ya Upendo ilikuwa imepanga alto walale kwa soprano. Alto wakasema hawatakula chungu cha mtu aliyewaibia wimbo. Besi walipangiwa nyumba za wajomba wa Mama Feza. Wakasema na wao wamedanganywa, kumbe sehemu yao ni kuunguruma chini kama ng'ombe wa kule mlimani Bibokoboko. Mwalimu akahubiri umoja. Wakamsikiliza kwa adabu, wakakataa.

Mama Wilondja akanigeukia. "Wewe, tenor. Kwenu ni wapi?"

"Makobola."

"Hapa Baraka uko na ukoo?"

"Hapana, mama. Niko na mama tu."

Akawatazama wenzake. "Huyu si wa mtu. Tunaenda kwake."

Ndivyo nilivyoheshimiwa kwa mara ya kwanza ndani ya kwaya ile, kwa kuwa si wa mtu.

Tulipofika, mkeka wa mama ulikuwa umeshafungwa kwa kamba, umesimama pembeni ya mlango. Aliona wanawake wanaingia uani, kundi zima, na kabla hajasema karibu Mama Wilondja alikuwa jikoni. Nikasikia kifuniko cha chungu.

"Sombe hii ni kidogo," akasema. "Majani ya muhogo yako wapi? Leteni kinu."

Mama alinitazama. Sijawahi kuona mtu aliyetukanwa jikoni kwake akijizuia namna ile asitabasamu.

Besi nao wakafika, maana uani kwetu hakukuwa kwa alto wala kwa soprano. Mwisho akaja Mama Feza, na kapu la ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alisema anapita tu. Njia ya kupita haikuwepo. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya ziwa.

"Kaa," mama akamwambia. "Au shika mchi."

Akashika mchi. Mama Wilondja alikuwa na wa pili, na mwanamke mwingine wa Mboko wa tatu. Mnajua michi mitatu kwenye kinu kimoja. Mmoja unapanda, mmoja uko hewani, mmoja unashuka. Asiyesikiliza wenzake anavunjwa vidole. Hawakusemezana. Lakini mikono ilianza kuelewana kabla ya wenyewe, na Mama Wilondja, kwa kusahau au kwa kiburi, akaanza kutwanga na sehemu yake: sol, sol, sol, sol.

Mama Feza akavumilia kidogo. Kisha wimbo ukamtoka, juu ya ile sol, polepole, kwa mwendo wa mchi. Ukakaa pale juu kama ndege kwenye tawi. Bila ile sol ungeanguka, na kila mtu uani alilisikia hilo, hata aliyekuwa anakataa. Besi waliokuwa wanapasua kuni wakaingia chini. Mimi nikaingia katikati, mahali pa wageni, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba katikati pana joto.

Mwalimu Yonasi alifika wakati huo. Alisimama mlangoni, akafuta miwani.

"Mmeona?" akasema. "Njia yangu inafanya kazi."

Mama Wilondja akamjibu bila kuacha kutwanga: "Ndiyo, ndugu mwalimu. Lete maji."

Kesho yake tuliimba vizuri. Mwalimu alisifiwa. Komite ya Upendo ilishukuriwa kwa jina.

Mimi nikarudi nyumbani nikijua nimeshinda. Mkeka ulikuwa bado umefungwa.

"Mama, chungu kimefunuliwa. Nimeona kwa macho."

"Wale walikuja kwa hasira. Walikuwa hawana pengine pa kwenda. Hasira imekwisha, kila mtu amerudi kwake. Kiangazi bado kina siku chache. Tungoje."

Tukangoja. Ua ukawa kimya. Mawingu yakaanza kujikusanya juu ya milima ya Fizi, na mimi niliyekuwa nikiyaandikia sentensi nzuri nikawa nayachukia. Nikaanza kuuliza bei ya kamio la kwenda Makobola.

Jioni moja, tone la kwanza la mvua likiwa tayari limepiga paa, Mama Feza aliingia. Hakupiga hodi. Hakutusalimu. Alienda jikoni, tukasikia kifuniko, kisha kimya cha mtu anayeonja.

"Mama Elia, hii sombe haina chumvi."

"Nani amekuita?"

"Hakuna. Naazima mchi wako. Wangu umepasuka."

Akaupitisha mbele yetu begani, akaenda zake kwenye mvua.

Mama aliufuata mchi kwa macho mpaka ukapotea. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa sana: "Elia, fungua huo mkeka. Nitaondokaje, na mchi wangu haujarudi?"

Haukurudi. Mama aliudai miaka yote, karibu kila siku, kwa furaha kubwa. Alizikwa Baraka. Kwenye matanga wanawake wa Mboko walikuja wote, wakasema sol yao mpaka kaburini, na Mama Feza alifika na mchi ule begani, akatwanga sombe ya waombolezaji.

Kisha akaondoka nao.

Funzo, wakuu: jiungeni na kwaya, hakuna ubaya. Ila msihesabu waliowashika mkono na kuwaita ndugu. Hesabuni vitu vyenu vilivyoko nyumbani kwa watu na ambavyo hamtaki virudi.

Na wewe unayesoma, ni nani wa kwanza kufunua chungu chenu bila hodi, na alilalamikia nini? Andika hapo chini. Wenye nadharia kuhusu muhogo na alto pia mnakaribishwa, Mwalimu Yonasi hayupo tena kuwapinga.