Siku Wazee na Mbwa Walipangwa Foleni Moja

Najua wengine wenu mmeshaisikia hii stori kwa watu, na najua mmeisikia vibaya, kwa hivyo acha niwaambie mwenyewe kabla haijatiwa chumvi zaidi: ni kweli, mimi ndiye niliyemsimamisha mama mkwe wangu kwenye foleni ya mbwa. Na si mbwa mmoja. Mbwa wa mji mzima, tena siku ambayo DC, mkuu wa wilaya, alikuwa mgeni wetu.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nilikuwa kibarua katika idara ya huduma za jamii ya kanjo, yaani baraza, ya mji mmoja mdogo hapa kwetu Machakos (jina naliacha, wenyewe watajijua). Idara yenyewe ilikuwa mimi, meza, na kiti kimoja ambacho mguu wake ulifungwa waya. Kila Januari karani wa mji, yaani yule mkubwa wa ofisi yote, alikuwa ananiita niandike kalenda ya mwaka, na mimi kwa ujana wangu niliiandika kama mtu anayepanga harusi yake: Machi kupanda miti, Aprili usafi wa soko, Juni chanjo ya mbwa, Julai siku ya wazee, Agosti fainali ya mpira wa vijana, Septemba maonyesho ya zimamoto, Oktoba sherehe ya watu wazima waliohitimu ngumbaru. Ikapigwa chapa vizuri, ikabandikwa mlangoni, na huduma zetu kwa wananchi zikaishia hapo mlangoni.

Si kwamba hatukujaribu. Miti tuliipanda kweli, mvua ikakataa kuja, na ile michache iliyong'ang'ana ikaliwa na mbuzi wa diwani aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira. Siku ya usafi wa soko tulipiga picha na mafagio mapya, kisha tukarudisha mafagio dukani.

Sasa Novemba, simu ikapigwa ofisini kwamba DC anakuja Jumamosi kuona kazi tuliyofanyia wananchi mwaka mzima. Karani akaniita.

"Mwende, hii kalenda yako imefika wapi?"

"Imefika Aprili, mkubwa."

Akavua miwani, akaipangusa na tai. "Na sisi tuko Novemba."

Nikahesabu miezi kwa vidole. Akaniambia kwamba nikimwokoa hapo, jina langu litapelekwa kwa kamati ya ajira, niwe mfanyakazi kamili. Nyinyi mliowahi kuwa vibarua mnajua vile maneno hayo yanaingia mwilini, kwa sababu kibarua ni mtu wa kuambiwa Ijumaa kama Jumatatu atakuja. Halafu mimi nilikuwa na shida nyingine juu ya hiyo. Mchumba wangu Kioko alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, lakini mama yake huko Mwala alikuwa amesema wazi kwamba yeye hapeleki mbuzi wa posa kwa msichana ambaye kazi yake inategemea vile mkubwa ameamka.

Kwa hivyo nikafungua mdomo. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwerevu: "Mkubwa, tuko na hema moja, spika moja na uwanja mmoja. Si tufanye zote siku moja?"

Karani alinishika mkono na mikono yake yote miwili kama mtu ameokoka.

Kioko naye akafurahi kuliko mimi. "Nitamleta mama," akasema. "Ni mzee, atapata blanketi, na akuone ukiwa kazini." Nikakubali, nikaona hata mbuzi wa posa wakija, wanene.

Matangazo tulimpa Mutiso, dereva wa pikapu ya kanjo, mtu mzuri lakini anayesema haraka kama anafukuzwa. Nilimweleza pole pole: wazee watapewa blanketi na chai, mbwa watapigwa chanjo ya kichaa. Akaitikia kwa kichwa. Alhamisi niko ofisini, nikasikia spika ikipita nje: "Wananchi! Jumamosi asubuhi uwanjani! Wazee wote waletwe wapigwe chanjo ya kichaa, na mbwa wote watapewa blanketi na chai!"

Ningetoka nimsimamishe. Lakini jua lilikuwa kali na pikapu ilikuwa imeshapita, nikasema, aah, watu wataelewa.

Watu walielewa, ila kila mtu alielewa kivyake. Jumamosi uwanja ulijaa mpaka kwenye mitaro. Mbwa walikuja ambao mji huo haujawahi kuwaona, wengine wameazimwa kutoka vijiji vya mbali kwa sababu ya blanketi. (Mmoja mwekundu nilimpata ameshafungwa blanketi la kanjo mgongoni, mwenyewe anasubiri chai.) Na wazee wetu, watu wa kutii serikali tangu mkoloni, walikuwa wamejipanga kwenye foleni ya chanjo kati ya mbwa na mbwa, mikono ya shati imekunjwa.

Mama Kioko alikuwa katikati yao. Kitambaa cheupe kichwani, viatu vya kanisani, mbele yake mbwa, nyuma yake mbwa. Nilimwona wakati ameshafika mezani. Daktari wa mifugo alikuwa amechoka, ameinamia maandishi yake, hata hainui kichwa.

"Huyu ni wa nani?"

"Mimi ni wa marehemu Musyoka, wa Mwala," Mama Kioko akajibu kwa heshima.

"Amewahi kuuma mtu?"

Nilikimbia, jamani. Nilikimbia na viatu vya visigino, nikamshika mkono. "Mwaitu," nikamwambia, kwa vile kwetu ndivyo tunavyomwita mama, "hii si foleni yako. Hii ni ya mbwa."

Akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akaniangalia mimi. "Ni nani ameniweka hapa?"

Kabla sijapata uongo wa kutosha, mzee mmoja nyuma yake akanionyesha kwa fimbo. "Ni huyu msichana wa kanjo. Ndiye amepanga kila kitu."

Akakunjua mkono wa nguo yake. Nilimpeleka kwenye hema, nikamkalisha kiti cha mbele karibu na wageni, na nilipogeuka DC alikuwa anaingia.

Mimi ndiye nilikuwa mshereheshaji, maikrofoni mkononi, jasho mgongoni. Karani akahutubia. Akasema ulikuwa mwaka wa mafanikio, kwamba huduma zimemfikia mwananchi mlangoni (hapo hakudanganya, kalenda ilikuwa mlangoni). Wahitimu wa ngumbaru wakasoma sentensi zao, tukapiga makofi. Timu za mpira zikawa zinapasha misuli. Zawadi ya mshindi ilikuwa mbuzi watatu waliotolewa na Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mifugo pale mjini, mtu mkarimu sana, na kwa sababu jua lilikuwa linachoma nilikuwa nimemwambia awafunge kwenye mlingoti wa hema wapate kivuli. Huo nao ulikuwa uamuzi wangu.

Nikatangaza zimamoto. Lori likaingia uwanjani likiwa limeoshwa, likawasha king'ora.

Mbwa wote wa mji walilia kwa pamoja. Kisha kamba zikaanza kukatika, wakaruka meza ya daktari, na kilichokuwa kinaonekana vizuri zaidi uwanja mzima kilikuwa ni mbuzi watatu wanene wa Bwana Abdi. Mbuzi kuona hivyo, wakatoka mbio na mlingoti wao. Nilimsikia Abdi akipiga kelele, "Mwende! Mimi nimetoa mbuzi kwa mpira, si kwa mbwa!" na hema likatushukia polepole kama kuku anayelalia mayai, sisi sote: DC, karani, wazee, wahitimu na mimi.

Ndani kulikuwa giza na harufu ya turubai la zamani. Mtu alikuwa amekalia mguu wangu. Karani akanong'ona karibu na sikio, "Mwende, umenifanyia nini?"

Hapo hasira ikanipanda, ile ya mwaka mzima. "Mimi? Si wewe ndiye hukunipa hata gari la kubeba miche? Mwaka mzima hatujafanya kitu, mkubwa! Ni miti tu, na hiyo imeliwa na mbuzi wa mwenyekiti! Sasa DC akituuliza tutamwambia nini?"

Neno "nini" lilinirudia kutoka kwenye spika iliyokuwa upande wa posta, likiwa kubwa. Nilikuwa bado nimeshika maikrofoni.

 Halafu uwanja ukalipuka kwa kicheko, mpaka nikasikia watu wakipiga masufuria ya chai. Na pale chini ya turubai, sauti nzito ya yule aliyekalia mguu wangu ikasema kwa utulivu: "Nimeshasikia."

Walipotufunua, DC alijipangusa vumbi, akavaa kofia yake. Hakutoa hotuba. Alimwambia karani tu, "Nimeuona mwaka wenu. Ulikuwa mfupi." Akaingia kwenye gari.

Mimi Jumatatu niliambiwa nisije, na Jumanne pia, na hizo zote zinazofuata. Karani alibaki (makarani hawaondoki). Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawakusema anayeshika tano humponyoka ngapi, lakini sasa mnajua.

Lakini jioni ile ya Jumamosi nilikuwa nimekaa nyuma ya goli, nalia, vipodozi vyote vimeshuka shingoni, nikijua nimekosa kazi na nimekosa mume siku moja. Mama Kioko akaja na fimbo yake, kitambaa kimejaa nyasi. Kioko alikuwa nyuma yake, anaogopa kuwa karibu. 

"Wewe," akasema, "uongo huuwezi."

"Ndio, mwaitu."

"Na kupanga pia huwezi."

"Ndio, mwaitu."

Akashusha pumzi. "Hilo la kwanza nimelipenda. Mbuzi nitaleta. Lakini siku hiyo usipange kitu, umesikia? Mimi nitapanga. Hata maji ya chai, usiyateleke mpaka nikuambie."

Alileta mbuzi, na harusi akaipanga mwenyewe, ikaenda vizuri mpaka mwisho. Sasa ni miaka mingi, na mimi sijapanga hata mkutano wa chama cha akina mama. Na mtu akinijia na ile sauti ya werevu, akasema, "Mwende, hizi mbili si tuziunganishe?" mimi hujifunga leso nikaenda nyumbani.