Figo la Uulkan kwa Mkwewe

Miaka kumi na miwili ya ndoa, Uulkan hakuwahi kulitaja jina la baba mkwe wake. Si kwa chuki. Kwetu At-Bashy, kwenye milima ya Wakirgizi, mke wa mwana halitaji jina la mkwe. Akilitaja, wanawake wenzake humtazama kama mtu aliyeingia msibani akipiga mluzi. Kwa hiyo mzee Kalmurat, mchunga farasi aliyestaafu kwa kulazimishwa na magoti, alikuwa "Baba" akiwa karibu na "mzee wa nyumba kubwa" akiwa mbali. Hata mbwa alijua anasemwa nani.

Mafigo ya mzee yalikufa yote mawili kwa mpigo, kama wanandoa wanaopendana. Akawa anapelekwa mjini Naryn mara tatu kwa wiki, kulazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, na kurudishwa akiwa na rangi ya jibini. Daktari alisema mashine itamvusha mwaka, na mwaka wenyewe asiutegemee sana. Ndipo ikaja habari kwamba hospitali moja ya Bishkek, mji mkuu, imefunga urafiki na hospitali kubwa ya ng'ambo. Mara mbili kwa mwaka wapasuaji wageni wangeshuka na visu vyao, wapandikize mafigo bure, mradi mgonjwa aje na ndugu wa kumpa.

Ndugu wakatafutwa. Mwana mkubwa, aliyeko Moscow, mtandao ulimkatikia kila neno "figo" lilipotamkwa. Binti, Sayra, alisema ana presha, ingawa hakuna aliyewahi kumpima. Taalai, mume wa Uulkan, alijitoa kwa moyo mmoja, lakini damu ikakataa. Iliyokubali ilikuwa ya Uulkan. Akauliza kama ataweza kuinua ndoo baada ya mwezi. Wakamwambia ataweza. Akasema basi, lichukueni.

Wakaenda Bishkek mwezi wa Mei, wakakuta wageni wana kamati. Kamati hiyo ilikuwa imeona mengi duniani: maskini wanaonunuliwa figo na kuvishwa undugu mlangoni. Kwa hiyo kila mtoaji aliingizwa peke yake na kuhojiwa kama mtuhumiwa anayekaribishwa maji. Mkalimani, Elvira, alikuwa mtoto wa ghorofa ya tisa. Kikirgizi alikivaa kama viatu vya kuazima.

Daktari mmoja mwenye uso wa huruma aliuliza figo anampa nani.

"Baba."

"Baba yako mzazi?"

"Hapana. Baba wa nyumbani kwetu."

"Anaitwa nani?"

Uulkan akatazama sakafu. "Siwezi kusema."

Elvira alitafsiri neno kwa neno, safi kabisa. Sababu hakuitafsiri, kwa kuwa hakuijua. Wakauliza tena. Wakauliza nani anamtisha. Kalamu zikaanza kazi.

Mzee, aliyekuwa nje kwenye kiti cha magurudumu, aliposikia kilichokwama alicheka hadi akakohoa. Akajisukuma ndani bila kubisha.

"Mwanangu, litaje."

"Baba, nitaziweka wapi aibu hizi?"

"Tutazitafutia pa kuziweka nikishapona. Litaje sasa, kabla hawajalichonga kwenye jiwe la kaburi."

Uulkan akageukia ukuta, akafunika mdomo kwa pembe ya kitambaa, akalitamka. Jina zima, pamoja na la babake mzee. Taalai, mlangoni, aliinamisha kichwa kana kwamba mkewe amevuliwa nguo.

Kamati ilishukuru sana. Kisha ikaandika kwamba mtoaji hakujua jina la mgonjwa, akalitaja baada ya kuelekezwa na mgonjwa mwenyewe, kwa woga ulio dhahiri. Ombi likakataliwa. Taalai akaeleza desturi. Daktari mwenyeji akaieleza tena. Wageni wakasema inavutia mno, wataitafakari safari ijayo, Novemba. Nafasi akapewa mfanyabiashara mmoja aliyekuja na binamu. Binamu huyo alilijua jina la mfanyabiashara barabara, na hata namba yake ya kitambulisho.

Mzee alikufa Septemba, wakati farasi wanateremshwa kutoka malishoni. Ripoti ya ushirikiano, yenye picha nyingi za kupeana mikono, ilisema wagonjwa tisa walipandikizwa na jaribio moja la biashara ya viungo likazuiwa.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa watu. Mwana mkubwa alikuja kutoka Moscow akalia vizuri kuliko wote. Sayra, akimega mkate kati ya wanawake, alisema kwa sauti ya kufika mbali kwamba kuna wajanja waliojua kuficha figo nyuma ya adabu.

Uulkan alikuwa anamimina chai. Wageni wengine aliwawekea vidole viwili vya chai, kama heshima inavyotaka. Bakuli la wifi yake alilijaza hadi ukingoni, ambayo kwetu ni kumwambia mtu anywe aende zake.

"Langu lilikataliwa, wifi," alisema. "Lako lilikataa lenyewe."

Wanawake wakautazama mkate. Sayra akainuka kutafuta koti lake.