Kumbe nilikuwa nakunywa omena

Jamani, leo nimeambiwa mbele ya timu nzima kwamba protini yangu ni omena.

Sasa nacheka. Asubuhi nilikuwa nalia.

Iko hivi. Mimi na Ochieng, mkimbiaji mwenzangu, tulinunua poda ya aina moja kwa duka moja pale Suna. Kocha akachukua mikebe yetu, akapeleka sampuli maabara zipimwe kabla ya mashindano ya taifa.

Leo, uwanjani Rongo, akatuletea majibu. Poda ya Ochieng ina dawa ya kusisimua mwili iliyokatazwa. Bahati yake, alikuwa bado hajaanza kuitumia.

Lakini mimi nimekunywa mwezi mzima!

Nikajua mbio zangu zimekwisha.

Kocha akanigeukia. "Akinyi, yako ni samaki."

"Samaki gani?"

"Omena ya kusaga. Kwani hukusikia harufu?"

Niliisikia! Nilidhani ndiyo vanila yenyewe.

Mkebe wangu hukaa jikoni kwa Dani, nyanya yangu, kwa hiyo papo hapo nikampigia kumuuliza, timu nzima ikisikiliza.

"Nilipenda huo mkebe, nyakwara, mjukuu wangu," akasema. "Una kifuniko kizuri. Siku ileile ulipouleta nikaweka omena ya uji wa mtoto wa dada yako."

"Na poda yangu je?"

"Niliwapikia akina mama wa kwaya uji."

Kisha akapaza sauti.

"Kumbe! Ndiyo maana siku ya Sabato waliimba wakakataa kukaa."

Kocha alilala kwenye nyasi kwa kicheko. Mimi nilimshukuru Dani mpaka sauti ikakatika. Nitakimbia!

Sasa nisaidieni: nani atawaambia akina mama wa kwaya?