Mluzi Duarani

Kwenye bendi yetu hakuna aliyejua kusoma nota. Tulikuwa watu kumi na wanne, na kila wimbo mpya tulifundishwa kwa mluzi na mpiga tarumbeta wa kwanza, kaka mmoja wa Tabora. Alikupigia sehemu yako mara mbili tu. Ukishindwa, shauri yako.

Mimi nilikuwa tarumbeta la pili, na nilimchukia jamani! Bendi ilikuja Nyangoto kufuata dhahabu kama kila mtu, nami mwenyeji niliokotwa hapo hapo, kutoka matarumbeta ya kanisani. Mbele ya watu aliniambia, "Wewe unapuliza kama unawasha kuni mbichi." Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Solo zote zilikuwa zake. Nilitaka moja tu, mama aje kwenye dansi la Jumapili mchana anione nimesimama mbele.

Asubuhi moja akasema, "Dogo, nipeleke nikaone wanavyochimba." Nikampeleka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la baba yangu mdogo. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba duarani hapapigwi mluzi, dhahabu inakimbia. Na yeye, akiwa na wimbo mpya kichwani, hakuweza kutembea hatua kumi bila mluzi. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nikanyamaza. Acha akome, nilijisemea. Nilidhani watamtukana, labda makofi mawili.

Wachimbaji walikuwa wiki ya tatu wanatoa mawe matupu. Alipoinama kuchungulia shimo, mluzi mdomoni, mmoja akafoka, "Kumbe ndiye huyu anayetufukuzia mali!" Mpini wa sululu ukampata mdomoni. Baba mdogo, mzee wa kanisa kabisa, akamwongezea teke. Nilipomwinua, meno matatu ya mbele hayakuwepo. Bila meno hayo, mdomo hauna pa kuegemea tarumbeta. Nililijua hilo pale pale, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumamosi kiongozi wa bendi akanipa nafasi ya yule kaka. Lakini solo ya wimbo mpya alikuwa nayo yeye peke yake kichwani. Akaniita chumbani kwake, akajaribu mluzi. Ikatoka hewa na mate yenye damu. Akajaribu tena. Mwisho akaniimbia, la la la, mdomo umevimba, mpaka nikaishika yote.

"Dogo," akaniuliza, "wewe ni wa hapa. Ulijua?"

"Sikujua, kaka."

Akanitazama sana. Kisha akasema, "Pale katikati usivute pumzi, utaiharibu."

Sikuvuta. Jumapili watu walipiga vigelegele mpaka wachezaji wakasimama. Nikamtafuta mama. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anamtazama yule kaka aliyekaa ukutani na kitambaa mdomoni. Nikashuka kumsalimia mama, shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mgeni wa watu," alisema. "Ulimpeleka wewe, na hukumwambia?"